Maswali ya wasomaji: Ndege ya rimoti ya balsa na hewa yetu ya huku juu

Wasomaji wapendwa, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, na habari zenu wote wa Mbeya na Songwe. Mwezi huu safu nzima naipa ndege za rimoti za kuunda mwenyewe kwa mbao ya balsa, maana maswali yamejaa na mengi yanafanana, na mengi jibu lake ni lile lile ambalo nitalirudia bila kuchoka: huku kwetu juu hewa ni nyembamba, kwa hiyo ndege yako inatakiwa iwe nyepesi kuliko walivyoipanga watu wanaorushia usawa wa bahari. Tuanze.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nipo Uyole, nimemaliza form six nasubiri matokeo. Mjomba kaniletea boksi la ndege ya balsa, mabawa mita 1.2, ndani kuna vibao vimekatwa na leza, vijiti na ramani kubwa ya karatasi basi, hamna gundi hamna mota. Mbao zenyewe laini yani ukibonyeza kwa kucha inabonyea, naogopa kuharibu. Naanzia wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, mjomba kakupa zawadi ya maana sana na huo ulaini usikutishe. Balsa ni mti wa Amerika ya Kusini, nyingi inatoka Ekuador, unakua haraka mno, ndani ya miaka 6 mpaka 10 unavunwa, na wepesi wake unatokana na seli kubwa zenye kuta nyembamba ambazo mti ukiwa hai zinajaa maji, wakishaukausha panabaki hewa. Ukiishika unaona dhaifu lakini ukilinganisha nguvu na uzito wake ni mbao ya ajabu. Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili waliunda ndege kamili ya kivita, de Havilland Mosquito, bodi yake ni balsa iliyobanwa katikati ya plaiwudi nyembamba, na iliruka mara ya kwanza Novemba 1940. Sasa kama ilibeba marubani na mabomu, ya kwako haina wasiwasi.

Kwanza kabisa usichomoe kibao hata kimoja. Bandika ramani ukutani uizoee siku kadhaa, ujue kila ubavu, vile vipande vinavyolipa bawa umbo lake, unakaa wapi, afu chukua penseli uandike namba kwenye kila kipande kikiwa bado kimeshikilia kwenye ubao wake. Mbavu za bawa zinafanana sana kwa macho, ukishazimwaga zote mezani bila namba hapo umejitafutia kazi ya jioni nzima.

Pili nunua mizani ya jikoni ya dijitali, hizi wanazopimia unga wa keki, inayosoma gramu moja moja, Mwanjelwa huwezi kuikosa. Hii mizani kwangu ni kifaa muhimu kuliko kisu. Balsa haifanani, ipo ya kilo 100 kwa mita ya ujazo na ipo inayofika 200, maana yake kibao cha urefu wa mita 1, upana sentimita 10, unene milimita 3, kinaweza kuwa gramu 30 au gramu 60 na ukiviweka pamoja huoni tofauti. Kwa hiyo pima vijiti na vibao vyote, andika uzito juu yake, vyepesi peleka mkiani na kwenye ncha za mabawa, vizito viende mbele karibu na mota au katikati ya bawa. Bawa la kulia na la kushoto vigawane sawa, usije ukaweka vijiti vizito vyote upande mmoja ukashangaa ndege inalalia huko.

Tatu meza. Hapa ndo wengi wanapoharibu bila kujua, kwa sababu bawa linachukua umbo la kitu ulichojengea juu yake, meza ikiwa imepinda bawa litapinda na utakuja kuligundua hewani. Tafuta kipande cha MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliobanwa, au mlango wa flashi usiotumika, pitisha rula ndefu ya chuma juu yake kila upande, ukiona mwanga unapenya chini ya rula weka kando tafuta kingine. Juu yake gundisha kipande cha silingibodi laini ili pini ziingie, tandaza ramani, juu ya ramani tandaza nailoni ya kuonea ili gundi isishike karatasi. Pini za kushonea za kawaida zinatosha, ila usizitoboe katikati ya kijiti, zipigwe mbili pembeni zikikibana kwa msalaba, tundu kwenye kijiti chembamba ndo mahali patakapovunjikia.

Anza na mkia. Mkia ni bapa, hauna mbavu za kupinda, utakufundisha kukata na kugundisha, na ukikosea kipande kimoja ni rahisi kukata kingine. Ukishauzoea ingia kwenye bawa: unalaza nguzo ya chini, hicho kijiti kirefu kinachokimbia toka katikati mpaka ncha, unasimamisha mbavu moja moja ukitumia pembe mraba, unaweka nguzo ya juu, unaweka ukingo wa mbele na wa nyuma. Halafu kuna vibao vidogo vya kuziba nafasi kati ya nguzo ya juu na ya chini, ramani inavionyesha na watu wanaviruka kwa sababu vinaonekana havina kazi. Hivyo ndo uti wa bawa. Ndege ikiwa hewani nguzo ya juu inasukumwa na ya chini inavutwa, bila kile kibao cha katikati nguzo ya juu inabinuka na bawa linakunjika. Na nyuzi za mbao zisimame wima, toka chini kwenda juu, sio kulala na bawa. Ukizilaza umeongeza uzito tu bila nguvu.

Kabla hujatoa bawa kwenye meza, nyanyua ukingo wa nyuma pale ncha ya bawa kwa kijiti cha milimita 2 au 3, bana ndipo ugundishe ya mwisho. Ncha ikiwa imeinama mbele kidogo hivo, ndege ikipunguza mwendo sana katikati ya bawa ndo inaanza kupoteza hewa kabla ya ncha, inashusha pua taratibu badala ya kuangusha bawa moja na kuanguka kwa kuzunguka. Huku kwetu hilo lina thamani kubwa, nitaeleza kwenye swali linalofuata.

Gundi: mbavu na vijiti tumia gundi nyeupe ya maseremala, kidogo tu, itandaze kwa ncha ya kijiti mpaka iwe nyembamba, afu uache usiku kucha. Supa gluu ni nzuri kwa maungio yaliyokwisha kushikana vizuri, ila kumbuka supa gluu inakauka kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo masika inashika mara moja na Septemba kukiwa kukavu inachelewa, usiongeze gundi, bana usubiri. Fungua dirisha, moshi wake unawasha macho vibaya. Mabawa mawili yakiungwa katikati pale ni epoksi ya kukauka taratibu pamoja na kibao cha plaiwudi kilichomo kwenye boksi, hapo tu ndo nakuruhusu usibanie gundi. Kwingine kote tone dogo, matone mengi yasiyo na kazi yanafika gramu 30 mpaka 40 kwa ndege nzima.

Kitu kimoja zaidi, maana najua vijana wenye jicho la usawa. Ukuta wa mota, kile kibao cha mbele inapofungwa mota, ukiuona umeelekea kulia kidogo na chini kidogo, digrii 2 au 3, usiunyooshe. Umewekwa makusudi kupambana na msokoto wa propela.

SWALI: Fundi salama? Naandika toka Njombe mjini. Nina hela ya injini ndogo ya mafuta au mota ya umeme, sio vyote. Rafiki yangu wa Dar anasema mafuta ndo yenye nguvu. Wewe unasemaje?

JIBU: Chukua umeme kaka, na rafiki yako wa Dar hajakosea kwa Dar.

Njombe mpo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo hewa imepungua uzito kama asilimia 17 ukilinganisha na pwani, Mbeya mjini kwenye mita 1,700 ni kama asilimia 15, Iringa pungufu kidogo ya hapo. Injini ya mafuta inavuta hewa kuchoma mafuta, hewa ikipungua na nguvu inapungua, inabidi uanze kurekebisha sindano ya mafuta na bado huipati nguvu yote. Mota ya umeme haivuti hewa, nguvu yake inatoka kwenye betri, kwa hiyo inabaki nayo yote. Kinachopungua ni kazi ya propela kwa sababu inasukuma hewa nyembamba, na dawa yake ni kuweka propela kubwa kwa inchi moja ya kipenyo kuliko iliyoandikwa kwenye maelekezo, ila upime kwa mita ya wati kwanza, mota isipitishe ampea zilizoandikwa juu yake wala juu ya spidi kontrola, kile kifaa kinachodhibiti kasi ya mota.

Sasa tupige hesabu kidogo kwa sababu hapa ndo pana kiini cha mambo yote ya ukurasa huu. Chukua ndege kama ya yule kijana wa Uyole, bawa mita 1.2, upana sentimita 20, uzito wote gramu 900. Pwani ndege hiyo itaacha kushikika hewani ikishuka chini ya kilometa kama 25 kwa saa. Mbeya itaacha kushikika kwenye karibu 28. Unaweza kuona tatu ni kidogo, lakini ni mwendo wa kutua, ndege inakuja kasi zaidi, inagonga chini kwa nguvu zaidi, na wewe mwanafunzi una muda mchache wa kufikiri. Ili uipate ile tabia ya pwani ukiwa Mbeya inabidi uzito ushuke mpaka kama gramu 760. Gramu 140 hizo hazipo mahali pamoja, zimetawanyika kwenye gundi, kwenye nyaya ndefu zisizo na sababu, kwenye betri kubwa kupita kiasi, kwenye rangi. Unazitafuta moja moja kwa mizani. Mi naamini kabisa mtu wa nyanda za juu akizoea kuunda hivi anakuwa fundi mzuri kuliko wa pwani, kwa sababu hewa yenyewe haimruhusu kulega.

Kwa nguvu, mpango wa kawaida wa ndege ya kujifunzia ni wati 150 mpaka 200 kwa kila kilo. Njombe wewe lenga 200. Ndege ya gramu 800 hiyo ni wati 160, yani betri ya lipo (lithiamu-polima, zile nyepesi za kuchaji) ya seli 3, volti 11.1, ikitoa kama ampea 15. Mota ndogo tu ya bei ya kawaida.

SWALI: Mimi ni seremala Mafinga. Kijana wangu anataka hiyo ndege ila balsa hapa haipo na kuagiza ni ghali. Tuna paina imejaa Sao Hill, siwezi kumkatia mbavu zote za paina nyembamba?

JIBU: Mzee wangu, kwa mikono ya seremala una faida kubwa kuliko wasomaji wengi wa safu hii, ila mbavu za paina hapana. Paina yetu ni kilo karibu 450 mpaka 500 kwa mita ya ujazo, balsa ya kawaida ni 150, kwa hiyo umezidisha mara tatu. Ukitaka kufidia kwa kuikata nyembamba mara tatu inakuwa jani, inapasuka ukiigusa na gundi haina pa kushika.

Lakini usiitupe paina. Nguzo za bawa zinahitaji mbao yenye nyuzi ndefu zilizonyooka, na hata maboksi mengi ya nje yanaweka nguzo za mbao ngumu kuliko balsa. Kijiti cha paina cha milimita 6 kwa 6, urefu mita 1.2, ni gramu kama 21, cha balsa gramu 6 na nusu. Unalipa gramu 14 na kitu unapata bawa ambalo halivunjiki mtoto akitua vibaya, hapo nakubali, na ukiweza kuishusha paina mpaka milimita 5 kwa 5 ni gramu 14 tu, bora zaidi. Chagua ubao usio na fundo hata moja, nyuzi zikimbie sambamba toka mwanzo mpaka mwisho, upasue kwa kufuata nyuzi usikate kwa kukisia.

Na kitu kingine mnacho huko ambacho nakipenda sana: mianzi. Huo wa ulanzi ukishakauka vizuri, ukipasua vipande vya milimita 2 au 3 unapata vijiti vigumu mno vya kushikia mpira unaofunga bawa kwenye bodi, vya kuimarisha ukingo wa mbele, hata vya kuegemeza mkia. Kwa mbavu tafuta fomu ile nyeupe ngumu ya kufungashia friji, au fomubodi ya maduka ya stationari, kata kwa wembe mpya. Msufi nao ni mwepesi ukilinganisha na paina ila bado ni kama mara mbili ya balsa, kwa mbavu mimi ningeuacha.

Spoku za baiskeli ni waya mzuri sana wa kusukumia usukani wa mkia, umenyooka na una nyuzi za skrubu za kufungia upande mmoja. Zikate ziwe fupi iwezekanavyo, chuma ni kizito.

SWALI: Habari mwandishi, mimi ni mama wa watoto watatu, Kihesa Iringa. Mwanangu anachaji betri za ndege chumbani usiku na nimesikia zinalipuka. Nimkataze?

JIBU: Mama, shikamoo, na ahsante kwa kuuliza kabla ya tatizo. Usimkataze kurusha, mkataze kuchaji chumbani usiku, hilo mkatalie bila mjadala na mwambie fundi wa gazetini kasema.

Betri za lipo zinabeba nishati nyingi kwenye mfuko mwepesi na zikichajiwa vibaya au zikitobolewa zinawaka moto mkali wenye moshi wa sumu. Ukifuata taratibu ni salama. Chaja iwe ya kubalansi seli, yani inayohakikisha seli zote zinajaa sawa, sio chaja ya simu iliyounganishwa nyaya. Mkondo uendane na betri: iliyoandikwa 2200 mAh inachajiwa kwa ampea 2.2, asizidishe kwa haraka ya kwenda uwanjani. Ichajiwe mchana, mtu yupo macho karibu, kwenye sakafu ya saruji au nje barazani, ndani ya chungu au sufuria kuukuu lenye mchanga mkavu chini, mbali na mapazia na godoro. Seli ikijaa ni volti 4.2, haitakiwi kupita hapo. Asipoitumia zaidi ya siku mbili tatu aiache kwenye volti 3.8 kwa seli, sio imejaa, sio imekwisha. Betri ikivimba kama mto, mama, haina matengenezo, itoke ndani ya nyumba siku hiyo hiyo.

Umeme ukikatika asihangaike, chaja nyingi za aina hii zinakubali volti 12 za betri ya gari au ya sola.

Na asubuhi za Juni na Julai, baridi inavyokuwa huko kwenu, betri ya baridi inatoa nguvu pungufu, ndege inapaa kivivu. Akae nayo mfuko wa ndani wa koti mpaka dakika ya kuruka.

SWALI: Mimi mwalimu, Vwawa. Tumefunika bawa na ile filamu ya plastiki ya kupiga pasi, ikawa safi, baada ya wiki imejaa mikunjo na bawa limejipinda kidogo. Filamu mbovu?

JIBU: Hapana mwalimu, filamu haina kosa. Mbao inanyonya unyevu na kuutoa, kama mlifunika wakati wa mvua afu kukakauka, mbao imejivuta na filamu ikabaki na ziada. Rudisheni pasi. Pasi ya umeme isiyo na maji ndani, ya mkaa hapana kwa sababu joto lake hamuwezi kulishika, na mjaribu kwanza kwenye kipande cha ziada.

Kujipinda kumetokana na kuvuta upande mmoja zaidi. Mtu mmoja ashike bawa alipinde kinyume, azidishe kidogo, mwingine apitishe joto juu na chini, msubiri ipoe ndo muachie. Rudia mpaka bawa likilazwa mezani likae kama mlivyolijenga. Safari nyingine mnafunika chini kwanza, mnashikiza kingo zote, ndipo mnakaza katikati kwa kubadilisha pande. Na selotepu ya kufungia maboksi watu wanaitumia kwa sababu ni rahisi, ila ni nzito, kwa bawa la balsa sishauri.

SWALI: Mkuu mi wa Mbalizi. Ndege yangu ilipaa vizuri mita kama kumi ikainua pua juu yenyewe, nikasukuma mbele ikashuka nikaachia ikainua tena, afu ikalala upande ikaja chini pua mbele. Sevo zote, zile mota ndogo za kusogeza usukani, zinafanya kazi. Nini?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Mkia mzito. Ulivyoeleza ni dalili yake kabisa, ndege inataka kuinua pua, ukiirekebisha inazidisha, inapoteza mwendo, inaangusha bawa.

Sehemu ya mlingano, pale ndege inapokaa sawa ukiininginiza, kwa ndege ya kujifunzia ni asilimia 25 mpaka 30 ya upana wa bawa, unapima toka ukingo wa mbele. Bawa la sentimita 20, hiyo ni sentimita 5 mpaka 6. Weka alama chini ya mabawa yote mawili, ninginiza ndege kwa vidole viwili hapo, betri ikiwa ndani na kila kitu kama utakavyoruka. Pua inatakiwa iiname kidogo tu. Mkia ukishuka, usiruke, hata kama watu wamekuja kuangalia. Sogeza betri mbele kwanza kabla hujafikiria kuongeza uzito wa risasi puani, maana gramu 1 iliyozidi mkiani inadai gramu 2 au 3 puani kwa sababu mkia uko mbali na pua ipo karibu, ndo maana nilimwambia kijana wa Uyole vijiti vyepesi viende mkiani.

Ukiirudisha hewani angalia na haya: ukisukuma fimbo ya rimoti kulia, eleroni ya kulia, kile kibao kinachocheza nyuma ya bawa, inapanda na ya kushoto inashuka. Ukivuta fimbo kwako, eleveta, kibao kinachocheza mkiani, inapanda. Uangalie ukiwa umesimama nyuma ya ndege, na propela umeitoa. Halafu zima rimoti ndege ikiwa imewashwa, propela bado imetolewa, uone mota inasimama. Isiposimama risiva, kile kipokezi cha rimoti kilichomo kwenye ndege, haijasetiwa vizuri na siku mawasiliano yakikatika itakwenda nayo mpaka huko.

Lakini wewe ni wa Mbalizi, kwa hiyo kuhusu sehemu ya kurushia soma na jibu linalofuata.

SWALI: Tunarushia wapi fundi? Sisi vijana wa Mbeya mjini kuna wanaosema inahitaji kibali na wengine wanasema hizi ni toy tu.

JIBU: Kitu cha nusu kilo na kitu chenye propela inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika sio toy, kinaweza kumtoa mtu jicho. Vyombo vinavyorushwa bila rubani ndani viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na vina kanuni zake, kwa hiyo kabla ya kurusha waulizeni ndege yenu inahitaji nini, waambieni uzito, ukubwa na sehemu mnayotaka. Waoneni na viongozi wa mtaa au kijiji, na mwenye shamba. Mtu akiona kitu kinalia angani bila taarifa ana haki ya kuogopa.

Ukanda wa Mbalizi na bonde la Songwe kuna uwanja wa ndege wa abiria, huko sahauni kabisa, na Iringa vile vile mbali na uwanja wa ndege wa Nduli. Kambi za jeshi, barabara kuu ya Tunduma, nyaya za umeme, masoko, hapana. Kinachofaa ni shamba lililovunwa lenye nafasi pande zote, majani mafupi, watoto wamekaa nyuma yenu na sio mbele. Wenye uwezo wa kushuka Usangu kule kumenyooka na ni karibu mita 1,000 tu, hewa ni nzito zaidi, mtaona ndege ile ile inatua kwa upole. Nendeni alfajiri jua linapotoka, upepo bado umelala. Agosti na Septemba ikifika saa nne upepo wa milimani unakuja na mizunguko, fungeni vitu.

SWALI: Kaka, mimi binti wa Tukuyu, nimeshamaliza kuunda, mwalimu wa kurusha sina. Nitaweza? Nikijaribu kwenye simu ndege ikigeuka kunijia mimi nachanganyikiwa kulia na kushoto.

JIBU: Utaweza dada, na hongera kwa kumaliza, wengi wanaishia kwenye mkia. Hiyo ya kuchanganyikiwa ni ya kila mtu. Ndege ikija kwako kulia kwake ni kushoto kwako, ukianza kufikiri umechelewa. Tumia njia hii: bawa likishuka upande fulani, sukuma fimbo upande huo huo uliouona likishuka, yani unaliwekea fimbo chini kulinyanyua. Inafanya kazi ndege ikiwa inakuja, na huhitaji kufikiri. Fanya programu ya kujifunzia kurusha kwenye kompyuta, rimoti nyingi zinaunganishwa kwa waya, urudie kutua mpaka mkono uzoee.

Siku yenyewe mpe mtu mwingine aitupe kwa mkono, bawa limelala sawa, pua usawa wa macho, isielekezwe angani, mota imeshafunguliwa karibu yote. Panda mpaka juu kama minazi miwili mitatu kabla ya kugeuka, urefu ndo muda wako wa kurekebisha. Geuka taratibu, vuta eleveta kidogo ndani ya kona. Weka saa ya simu ikulilie baada ya dakika 5, utue betri ikiwa bado ina nguvu ya kurudia kama umekosea njia. Ukija kutua usipunguze mwendo mapema, kumbuka zile kilometa tatu kwa saa ambazo hewa yetu inaongeza kwenye mwendo wa kutua, pua ikae chini kidogo mpaka ipo usawa wa goti, hapo funga mota, inua pua kidogo mno na uiache ikae yenyewe kwenye majani.

Ukipata shida yoyote tuandikie ukitaja upana wa bawa, uzito wote na betri unayotumia, nikijua hivyo vitatu naweza kukujibu vizuri toleo lijalo.